Mashine Zilizokaa Eda

Nilimwahidi marehemu Bwana Athmani kwamba mashine zangu hazitamsumbua mkewe hata siku moja. Tulikuwa tumekaa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni pa nyumba yake, Lamu mjini, naye alikuwa ameshaanza kuugua ingawa mimi sikujua. Aliniuliza, "Hata siku moya?" Nikamjibu, "Hata siku moja, Bwana." Akanitazama kwa muda, akanyoosha mkono, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo ahadi niliyoibeba kwa uaminifu mkubwa kuliko zote nilizowahi kuzitoa, na ndiyo iliyokaribia kumwangamiza mtu.

Nawaandikia nyinyi mnaopokea funguo za mashine za chama chetu baada yangu. Najua mtacheka nikijiita mstaafu, maana sijaota hata mvi moja na baadhi yenu tulisoma chuo kimoja kule Mombasa. Lakini mkataba wangu na chama chetu umekwisha, sasa nasomesha hesabu skuli ya upili, na kazi ile ya seva nimeiweka chini. Aliyeiweka kazi chini amestaafu, hata akiwa kijana. Na ninavyoona, mtu anayestaafu mapema ana wajibu wa kusema mapema, kabla hofu yake haijapoa ikageuka kuwa hadithi ya kuchekesha.

Hofu yangu haijapoa. Mpaka leo nikisikia feni ya kompyuta inabadilisha sauti, hata darasani, nasimama.

Tuanze na mashine zenyewe. Seva mlizofundishwa chuoni ni zile za kabati refu la chuma, chumba chenye baridi kama barafu, umeme usiokatika na mlinzi mlangoni. Chama chetu hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Tulikuwa na nia ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati za kisiwa cha Pate, na tulikuwa tumeapa kwamba siri za wanawake wa Mbwajumali na Tchundwa hazitakwenda kukaa katika jengo la watu wasiowajua, katika nchi wasiyoijua. Mimi ndiye niliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote mkutanoni. Nilikuwa nimetoka chuo majuzi na niliamini, kama ninavyoamini sasa, kwamba habari ya mwili wa mtu ni sehemu ya mwili wake.

Kwa hiyo tulinunua kompyuta ndogo za mezani, zile ambazo watu huziweka sebuleni nyuma ya televisheni au kwenye meza ya karani. Hazifiki ukubwa wa msahafu wa kusomea. Zinakula umeme kidogo sana, kiasi kwamba sola iliyo juu ya dari na betri zake zinazitosha. Zikiharibika, kifaa chake kinapatikana duka lolote la Mombasa. Punda mmoja alizibeba zote kutoka gatini mpaka mlangoni, pamoja na kebo zake, na bado akawa na nafasi ya kubeba gunia la mchele la mtu mwingine.

Chumba tulipewa na Bwana Athmani. Alikuwa mtu wa nyumba za kale, baba zake walimwachia nyumba ya mawe yenye kuta nene ambazo jua la mchana haliwezi kuzipenya. Watoto wake walikuwa wamehamia bara, na chumba cha ndani kabisa, chenye safu za zidaka ukutani, kilikuwa na vyombo vichache tu vya kaure. Nyinyi mliozaliwa Lamu mnajua zidaka ni nini. Kwa wageni kati yenu, ni vijumba vidogo vilivyochongwa katika chokaa ya ukuta, safu juu ya safu, ambamo zamani watu waliweka sahani na vitabu vyao. Nilipoiingiza mashine ya kwanza katika kidaka nikaona imeingia kama iliyopimwa.

Bwana Athmani alisimama nyuma yangu akaguna.

"Hizi ndizo seva? Mimi nalidhani mutaleta makabati. Hizi ni kana visanduku vya halua!"

"Ndizo, Bwana."

"Na zikifa?"

"Zitakufa. Hizi hazikutengenezwa kufanya kazi usiku na mchana. Kwa hiyo hatuiamini hata moja."

Hapo nikamweleza jambo ambalo nanyi lazima mlielewe kabla ya kugusa chochote, maana kisa chote kimejengwa juu yake. Kumbukumbu ya kila mgonjwa inaandikwa katika mashine tatu. Zahanati ikiuliza swali, mashine mbili kati ya hizo tatu lazima zikubaliane ndipo jibu litolewe. Moja ikifa, mbili zilizobaki zinaendelea. Zikifa mbili, ile moja iliyobaki inanyamaza. Ina habari yote, lakini haisemi, kwa sababu haiwezi kujua peke yake kama ilicho nacho ni sahihi au ni cha zamani.

"Kana mashahidi mbele ya kadhi," akasema Bwana Athmani.

"Hasa."

"Shahidi mmoya hapokewi."

"Hapokewi, Bwana."

Alifurahi sana. Kuanzia siku hiyo kila mgeni aliyekuja dakani alielezwa habari ya mashahidi wa zidakani, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko yangu. Mkewe, Bi Rukia, alikuwa upande wa pili wa mlango akichambua mchele. Wakati ule sikufikiri kwamba naye alikuwa akisikiliza.

Makosa ya miezi ya mwanzo yalikuwa mengi na nitawatajia machache tu, yawafae. Kompyuta ya sebuleni ina tabia za sebuleni. Ikiona hakuna mtu anayeigusa, inalala. Siku za mwanzo nilikuwa nikifika asubuhi nakuta mashahidi wote wamelala fofofo na Bwana Athmani ananiuliza kama nimewapa dawa ya usingizi. Izimeni tabia hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Kisha kuna zile zinazokataa kuwaka mpaka zione kioo, yaani skrini, kimeunganishwa. Kwa hizo kuna kiziba kidogo kinachochomekwa mahali pa waya wa kioo, nayo mashine ikadanganyika ikadhani inatazamwa. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ya nyumbani hungoja mtu aje abonyeze kitufe. Kuna mahali katika mipangilio yake ya ndani pa kuiamuru iamke yenyewe. Na adapta zake, yale matofali meusi ya umeme, zinafanana zote lakini hazilingani nguvu. Nilichoma moja kwa adapta ya mwenzake. Ilitoa harufu ambayo Bi Rukia alisema imeshinda udi wake wa Ijumaa. Tangu hapo kila adapta nikaifunga uzi wa rangi moja na mashine yake.

Bi Rukia hakuwa akinitokea. Ni mwanamke wa nyumba za kale, aliyesomesha watoto wa kike Qurani kwa miaka mingi, na sauti yake ilinifikia kutoka nyuma ya pazia au ngazini. Nilipokuwa nikija alikuwa akihamia chumba cha juu mpaka nimalize. Ndiyo maana Bwana Athmani alinitaka ahadi ile. Aliona mkewe anahangaika kupanda na kushuka kwa ajili yangu, naye hakutaka adha hiyo imzidie siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwapo kuisimamia. Nilipangilia kila kitu upya ili niweze kuzitazama mashine nikiwa ofisini kwetu, mtaa wa pili, bila kukanyaga nyumba ile ila kwa dharura.

Kisha Bwana Athmani akafariki.

Bi Rukia akakaa eda. Mnajua maana yake: miezi minne na siku kumi mjane anakaa nyumbani, hajipambi, hajitii manukato, wala hatokei mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Na chumba alichochagua kukalia kilikuwa kile cha ndani kabisa, cha zidaka, kwa kuwa ndimo alimoolewa na ndicho chenye ubaridi. Alikaa na mashine zangu.

Nilikwenda kutoa pole. Bwana Omari, kaka yake Bi Rukia, alikuwa amekaa kwenye daka akipokea watu. Nilimnong'oneza juu ya mashine, kwa aibu, kama mtu anayedai kitu msibani.

"Zataka nini?" akaniuliza.

"Hazitaki kitu kwa sasa. Lakini kila baada ya muda hupangushwa vumbi."

"Vumbi lingoje, fundi. Hapa ni nyumba ya msiba, si karakana."

Ningeweza kusema zaidi. Ningeweza kumwomba aniulizie ndani. Sheria yetu inaruhusu dharura, na hakuna sheikh ambaye angenikatalia kuingia kwa muda mfupi, mjane akiwa amehamia chumba kingine na kaka yake amesimama nami. Lakini nilikuwa na ahadi yangu, na niliiona ni nzuri. Nilirudi ofisini nikajiambia kwamba mashine zilizopangwa vizuri hazihitaji mkono wa mtu, na kwamba heshima ndiyo kwanza.

Wiki za mwanzo zilikuwa shwari. Kisha nikaanza kuona joto linapanda.

Kila mashine ina kipimo cha joto ndani yake, nami nilikuwa nakisoma kupitia mtandao. Kilipanda polepole, siku baada ya siku, kwa namna inayomnyima mtu sababu ya kupiga kelele. Nikapunguza kasi ya mashine ili zipoe. Zikapoa, kisha zikapanda tena. Nikahamisha kazi kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine. Nikawa naangalia namba zile kabla ya kuswali na baada ya kuswali, na siwezi kudai kwamba katikati nilikuwa naswali sawasawa. Mama yangu aliniuliza kama nimependa mtu. Nikamwambia hapana, ni joto. Akasema hata yeye alidhani hivyo.

Nilipita mbele ya nyumba ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bwana Omari alinisalimia kutoka kwenye daka, nami nikamsalimia, tukaulizana hali, nikaenda zangu. Kilichokuwa kinanichoma kilikuwamo ndani ya kuta zile, hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama, nami nilikuwa nauliza habari za nyumbani na za bei ya samaki.

Mashine moja ya safu ya kati ilijizima. Hizi zikizidiwa na joto hujizima zenyewe ili zisiungue. Mashine tatu za safu hiyo ya kati ndizo zilizokuwa na kumbukumbu za Mbwajumali na Tchundwa. Nikajituliza kwamba mbili zilizobaki zinatosha. Kesho yake asubuhi, mashine ya pili nayo ikazima. Nilikuwa bado naitazama nafasi yake tupu kwenye kioo changu simu ilipolia.

Alikuwa Halima, muuguzi wa Mbwajumali, msichana aliyepelekwa kule muda si mrefu na ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku hiyo aliipandisha.

"Fundi, mtandao upo lakini mfumo hautaki kunijibu! Nimejaribu mpaka nimechoka."

"Nalijua. Nalishughulikia."

"Sikiza. Nina mama hapa, Mwanaisha, amejifungua juzi. Homa imempanda vibaya, anaweweseka, hanijibu nikimuuliza. Nahitaji kumdunga sasa. Lakini mama yake anasema uzazi uliopita alidungwa sindano Tchundwa ikamfunga pumzi, nusura afe. Sindano gani, hajui. Kadi ya kliniki imepotea walipohama. Mimi nina dawa mbili tu hapa. Nimdunge ipi?"

"Mlete Lamu."

"Maji yamekupwa, boti haitoki gatini Mtangawanda mpaka yajae. Na huyu hawezi kungoja hivyo. Fundi, majibu yako humo ndani ya mashine zako. Mwenzangu aliyekuwa Tchundwa aliyaandika, nina hakika."

Alikuwa sahihi. Majibu yalikuwapo. Shahidi mmoja alikuwa hai, anayajua, na amenyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza, wala sikumwachia njia yoyote ya kusema peke yake.

Nilikimbia. Lamu mtu mzima hakimbii vichochoroni bila watu kutoka milangoni kuuliza nani amekufa. Waliuliza. Sikuwajibu.

Bwana Omari aliniona akasimama. Nilimweleza kwa maneno machache, pumzi zikinikatika. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika. Ni mtu mkali lakini si mtu mbaya. Akanishika mkono akanipitisha mpaka kiwandani, uwanja ule wa katikati ya nyumba, mbele ya pazia la chumba cha ndani.

"Rukia! Watoe wanawake wapande yuu, nawe upande. Fundi ataingia. Ni dharura."

 Kisha sauti ya Bi Rukia, tulivu.

"Dharura ya nini?"

Nikamsalimia nikamweleza mwenyewe. Mashine za safu ya kati zimezimika, kuna mgonjwa Mbwajumali.

"Ile ya katikati imenyamaza tangu yana mtana," akasema. "Na ile ya upande wa mlango imenyamaza leo baada ya chai. Kabla ya kunyamaza zalikuwa zikikoroma."

"Bi, mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Nikasogelea pazia.

"Panda yuu, Rukia," akarudia Bwana Omari.

"Hakuna haja ya watu wote hawa kupanda ngazi. Mikono ninayo. Fundi, shahidi mmoya yu hai, wataka wa pili. Sivyo alivyokuwa akisema Bwana?"

"Ndivyo, Bi."

"Basi niambia nifanyeni. Omari, ndoo hapa ndani unishikie taa."

Nawaomba mfikirie jambo hili kwa makini, kwa sababu hakuna somo la chuo lililonitayarisha kwa hilo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kitambaa. Nyuma yake kulikuwa na mashine ambayo naijua kila skrubu yake, na mikono ambayo siioni. Mkononi nilikuwa na simu, Halima yuko kwenye laini, nami namsikia mama wa mgonjwa akilia kwa mbali. Sikuweza kuonyesha kwa kidole. Sikuweza kusema "hapo" wala "hicho". Kila neno lilipaswa kuwa na maana kwa mtu mwingine.

"Bi, kwanza gusa kuta za kidaka."

"Zina moto. Ngoja niondoe pazia."

"Pazia gani?"

"Wanawake walitundika shuka mbele ya zidaka, taa zile za buluu zisinipige mato nikiswali. Wema wao."

Nikafumba macho. Mashine zilikuwa zimefungiwa ndani ya matundu ya ukuta, mbele kumetundikwa shuka, na chumba kinafukizwa udi kwa ajili ya wageni wanaokuja kusoma hitima. Kila mtu alikuwa amefanya jambo jema. Wao walimstahi Bi Rukia kwa kuziba taa, Bwana Omari alimstahi kwa kuwazuia watu, mimi nilimstahi kwa kutouliza.

"Ondoa shuka yote. Sasa chomoa waya wa umeme wa ile ya katikati, wenye uzi mwekundu."

"Mwekundu. Nimechomoa."

Mashine nilikuwa nimezifunga kwa ukanda wa bati na skrubu ili zisianguke, na kuzitoa kidakani kungetuchukua muda mrefu. Lakini kifuniko kilitazama mbele. Nikamweleza kwamba bisibisi ndogo imo katika kidaka cha chini kabisa, ndani ya mkebe wa biskuti, na kwamba kuna skrubu nne, moja kila pembe. Bwana Omari alijaribu kusaidia.

"Omari, wanimulika kitwa. Skrubu haimo kitwani mwangu."

"Taa nzito hii."

"Basi shika kwa mikono miwili. Tini kidogo. Hapo."

Halima akaniuliza simuni, "Fundi, tunaendelea?" Nikamwambia asimdunge bado. Nilipolisema hilo nilihisi uzito wake. Mimi si daktari. Nilikuwa nimemwambia muuguzi angoje juu ya neno la kompyuta ya sebuleni na mikono ya mjane aliye kwenye eda, na kama ningekuwa nimekosea, kosa hilo lingekuwa na jina la mtu.

"Kimefunguka," akasema Bi Rukia. "Hapa pana kitu kama pamba nyeusi."

"Wapi?"

"Palipo na kipangaboi cha duara. Feni. Imejaa. Ina harufu ya udi wangu mwenyewe."

Vumbi la chokaa la kuta za kale ni laini kama unga, na moshi wa udi una mafuta. Vikikutana juu ya feni inayozunguka, vinafumana vikawa kitambaa. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo. Chuoni walituambia juu ya vumbi, lakini vumbi lao halikuwa na udi ndani yake.

"Bi, feni ishike kwa kidole isizunguke, kisha itoe pamba hiyo kwa kitu chembamba. Kisiwe cha chuma. Kisiwe na maji."

Nikasikia kasha linafunguliwa.

"Nina kijiti changu cha wanja. Ni cha mti. Miezi hii sijipaki, basi na kifanye kazi nyingine."

Mwanamke mmoja ndani akacheka, akajizuia, maana ni nyumba ya msiba. Bi Rukia akamwambia, "Teka tu. Marehemu angeteka zaidi yako."

Nilimwongoza kwenye yale mapezi ya bati yanayotoa joto, ayapitishie kijiti moja moja. Nilimwambia asiguse ubao wa kijani. Nilimwambia apulize kwa nguvu, akapuliza, akakohoa. Kisha ukafika wakati wa kurudisha umeme.

"Chomeka uzi mwekundu."

"Nimechomeka."

"Unasikia nini?"

 Nilikuwa nimeshika ukingo wa pazia bila kujua, nikauachia.

"Haizunguki."

"Ngoja, Bi."

"Haizunguki, fundi."

"Sukuma feni kwa kijiti, taratibu, mara moja tu."

"Bismillahi," akasema. Kisha, "Yazunguka. Yaimba. Sasa yaimba kama siku ile ya kwanza."

Nilifungua kioo cha simu yangu nikaitazama mashine ikiamka, ikijitambulisha kwa mwenzake, ikilinganisha ilicho nacho na alicho nacho mwenzake. Ni jambo la muda mfupi. Sijui kwa nini nawaambia ni fupi, kwa kuwa nywele zangu bado zinalikumbuka kuwa refu. Kisha nikasikia Halima akivuta pumzi.

"Imefunguka. Mwanaisha... Tchundwa... nimeiona. Nimeiona, Fundi. Ni hii niliyokuwa nimeishika."

Nikamsikia akiiweka dawa ile chini juu ya meza ya chuma na kuichukua nyingine.

Boti ilitoka Mtangawanda maji yalipojaa, ikamleta Mwanaisha na mtoto wake hospitali, na walirudi kwao wote wawili. Hilo nalijua sasa. Siku hiyo sikulijua mpaka jioni, na saa zile za katikati nilikaa kwenye daka karibu na Bwana Omari, naye akanipa kahawa bila kuniuliza. Mashine haikuzimwa tena. Bi Rukia alisafisha na zile nyingine, moja baada ya moja, bila haraka, nami nikimsomea hatua kutoka upande wangu wa pazia.

Kabla sijaondoka aliniita.

"Fundi. Omari aniambia ulimwahidi Bwana usinisumbue."

"Nilimwahidi, Bi. Na leo nimeivunja."

"Ahadi ile ulimpa yeye. Juu yangu mimi. Wala yeye wala wewe hamukuniuliza." Hakuwa na hasira, na hilo lilinikaa moyoni kuliko ambavyo hasira ingekaa. "Nimekaa na mashine zile usiku na mtana. Nazijua zinapopumua vyema na zinapopumua vibaya. Nalikuwa nikingoja mtu aniulize. Mwalidhani nimekaa eda ya masikio?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya chai, nilipita pale nikapiga hodi, Bwana Omari akanikaribisha kiwandani, na kutoka nyuma ya pazia nikapewa habari za kila mashine. Shuka haikutundikwa tena. Bi Rukia alisogeza msala wake mahali ambapo akielekea kibla taa hazimpigi macho. Udi ukahamia ukumbini. Eda ilipokwisha alitoka, akajitia wanja kwa kijiti kingine, na kile cha kwanza akakiacha ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na bisibisi. Kimo humo mpaka leo. Msikitupe.

Sasa funguo ni zenu, na mimi bado naogopa. Naogopa kwa sababu mko hodari kuliko nilivyokuwa, na hodari huweza kupanga mambo hata yaonekane hayahitaji mtu. Mtaongeza mashine mpya, mtaziandikia programu nzuri za kuzitazama kutoka mbali, na namba zitakuja kwenye simu zenu kila mara. Namba hizo ni za kweli. Lakini namba ya joto haikuniambia kuna shuka mbele ya kidaka. Aliyelijua hilo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye mashine, na hakuna aliyemuuliza, kwa heshima.

Mkifika katika nyumba ile, au zahanati yoyote mtakayoweka mashine zenu, mtafuteni anayekaa karibu nazo. Mpigieni hodi, mumfundishe kufungua kifuniko kimoja na kukifunga. Kisha mumuulize amesikia nini, na msiondoke kabla hajawajibu.